Kuku wangu kalalia kiota kitupu, leo siku ya tisa. Nimfanyeje?

Fundi Bomba
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, na tafadhali msinicheke maana nyumbani nimeshachekwa vya kutosha.

Nina kuku sita nyuma ya nyumba huku Chanika. Wanne kienyeji, wawili chotara. Siyo mradi, ni kuku wa kupata yai la watoto na mengine kuwauzia majirani, mia tano kwa yai. Sasa kuna mmoja mweusi, watoto wanamwita Sista kwa sababu ana manyoya meupe shingoni kama kola. Ndiye aliyekuwa mtagaji kuliko wote. Jumatatu ya wiki iliyopita aliingia kiotani asubuhi kama kawaida yake. Jioni nafunga banda, bado yumo. Nikajua labda yai limemkwama. Kesho yake yumo. Keshokutwa yumo.

Nikinyoosha mkono anavimba mpaka anakuwa kuku wawili, anakoroma kama pikipiki inayogoma kuwaka, halafu anadonoa. Kidole gumba amenitoa damu. Nikimbeba nikamweka nje anabaki amejikunyata pale pale nilipomweka, dakika nzima. Halafu ni kama anazinduka: anakimbilia maji, anakula mbio mbio, anaangusha bonge la kinyesi linalonuka mpaka kwa jirani, anarudi ndani. Na chini yake hakuna kitu, mayai tunaokota kila siku. Analalia nyasi!

Jana nikamgeuza, nikakuta kifuani manyoya hamna, ngozi nyekundu na ya moto. Hapo ndipo nilipoogopa. Isitoshe viota vipo viwili lakini wenzake wote wanakitaka hicho hicho, wanamkalia mgongoni, mayai mawili yameshavunjika. Nilikuwa naokota manne kwa siku, sasa mawili, jana moja.

Ni ugonjwa gani huu?

Kalamu ya Mkaa
Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje wafugaji.

Mjomba Pilau
Hataki kutaga, hataki kutoka, anapiga watu. Mkuu jibu unalo mwenyewe, unaogopa kulisema. Mchele kilo shilingi ngapi huko Chanika?

Bi Mkubwa wa Pongwe
Mwanangu Fundi, hana ugonjwa huyo. Anataka kuatamia. Kumaliza mayai yake kumi na kitu, mwili umemwambia sasa kaa ulee. Manyoya ya kifuani amejinyonyoa mwenyewe ili ngozi iguse yai, joto lipite. Ukiona kuku amejinyonyoa hivyo ujue amedhamiria, hachezi.

Huyo ni mali. Watu wanatafuta koo, yaani kuku jike wa kuzalisha, mwenye moyo wa kulalia hawampati, wewe unamwita mgonjwa. Mwekee mayai kumi, kumi na mawili ukiona ana mwili mkubwa, usizidishe. Kipimo ni mbawa zake: yai likionekana nje ya manyoya, umezidisha. La nje linapoa usiku, kesho yeye anageuza, la nje linaingia ndani na la ndani linatoka, mwisho unaua yote kwa tamaa ya mawili.

Mayai yawe ya juzi juzi, yasipite wiki. Usiyaoshe, wala usiyatoe kwenye friji. Mwekee usiku, gizani, yote siku moja. Ukimwekea leo matatu kesho mawili, wa kwanza wakitoka mama anaondoka nao, waliobaki wanafia ndani ya maganda.

Afisa Ugani Mstaafu
Bi Mkubwa amenimalizia kazi. Naongeza kidogo kwa faida ya wengine wanaopita kimya kimya.

Kwanza tofauti na ugonjwa, maana kila mwaka watu wanachanganya. Kuku mwenye kideri, ule ugonjwa wa mdondo, hana ubavu wa kukudonoa. Anasinzia, mbawa zimelegea, kinyesi majimaji ya kijani, na ukikaa kidogo shingo inaanza kupinda. Anayetaka kuatamia jicho lake kali, linakufuata. Na hilo bonge la kinyesi ni la kawaida: anajizuia asichafue kiota, anatoka mara moja kwa siku, dakika kumi na tano, ishirini, mambo yote anayamaliza humo.

Pili, kwa nini kumtoa na kumrudisha hakusaidii. Kuna homoni inaitwa prolaktini. Kile kifua kikiwa kipara kimegusana na kiota chenye joto, prolaktini inapanda, na ikiwa juu ovari inasinyaa, kutaga kunasimama. Ukimtoa dakika kumi ukamwacha arudi hujabadilisha chochote, umemfanyia mazoezi tu.

Tatu, chotara wako wawili pengine hutawaona wakifanya hivi maishani. Kuku waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa kutaga wamepunguzwa hiyo hamu. Kienyeji wetu bado anayo. Ndiyo maana anataga kumi na mbili, kumi na tano, anaatamia siku 21, analea miezi miwili hadi mitatu, ndipo anaanza tena. Mizunguko mitatu au minne, mwaka umekwisha.

Kwa hiyo Fundi amua: mayai au vifaranga. Ukimwacha hivyo hivyo kwenye nyasi tupu ndiyo hasara kamili. Hajui kuhesabu siku 21 huyo, anaweza kukaa mwezi na nusu anakonda tu, na utitiri wanampanda.

Kalamu ya Mkaa
Hapo kwenye "hajui kuhesabu" umenikumbusha bosi wangu.

Mwana wa Kakamega
Salamu kutoka huku Magharibi ya Kenya. Sisi tunasema kuku "anakalia". Nyanya yangu alikuwa na dawa moja tu: anachomoa unyoya mmoja wa bawa la huyo huyo kuku, anaupitisha puani, tundu hadi tundu, anamwachilia. Kuku anashinda siku nzima anajaribu kuutoa, anasahau kiota. Siku mbili, tatu, anarudi kwa wenzake. Mwenyewe alisema haikosi.

Bi Mkubwa wa Pongwe
Na bibi yangu alifanya hivyo hivyo, Mungu amrehemu. Nilikuwa ndiye mshika kuku. Ile sauti mpaka leo ninayo. Sifanyi na sishauri.

Kijana wa Makambako
Huku kwetu tunamzamisha kwenye ndoo ya maji mpaka shingoni, kifua kinapoa, kwisha habari.

Afisa Ugani Mstaafu
Makambako hiyo hiyo yenye baridi ya Juni? Kifua kinapoa saa moja, kisha unabaki na kuku aliyelowa anayetetemeka. Atarudi kiotani akaukie huko! Wazo la kupoza kifua ni sahihi, ila kipoe kwa hewa na kipoe siku nzima, usiku na mchana. Nitaeleza baadaye, sasa hivi niko kisimani.

Bi Mkubwa wa Pongwe
Fundi hujajibu. Umeamua nini? Na hilo jogoo lako ni la mbegu gani, isije ikawa unatuangulia vibwengo.

Fundi Bomba
Asanteni sana wakuu, Mungu awabariki. Mama Watoto amesoma yote, amesema tuangulishe. Leo nimeacha kuokota, nina mayai manne, yakifika nane namwekea.

Kuhusu jogoo, sina. Nilikuwa naye, jirani yangu ni mlinzi, anarudi asubuhi ndiyo anataka kulala na jogoo naye ndiyo anaanza kazi. Tulifikishana mpaka kwa mjumbe. Nikamuuza miezi miwili iliyopita.

Mjomba Pilau
😂😂😂😂

Kijana wa Makambako
Fundiiiii!

Kalamu ya Mkaa
Yaani tumefika huku chini yote ndiyo unasema jogoo hayupo. Nimemwaga chai.

Fundi Bomba
Si anataga bila jogoo? Mayai si ndiyo hayo hayo?

Afisa Ugani Mstaafu
Wasikucheke, hata maofisini nimeulizwa. Kuku hahitaji jogoo ili atage. Anamhitaji ili yai liwe na mbegu. Jogoo akiondoka, mbegu yake inadumu ndani ya kuku kama wiki mbili hivi, siyo miezi miwili. Ungemwekea hayo mayai yako angelalia siku 21 kwa uaminifu kamili, na siku ya 22 ungekuwa na viza nane na nyumba nzima imehama kwa harufu.

Una njia mbili. Ya kwanza, nunua mayai yenye mbegu kwa mtu ambaye jogoo wake unamwona kwa macho. Ya pili, mkatishe hamu. Ndilo nililokuwa nataka kueleza nilipokuwa kisimani.

Tafuta tenga la fito, lile la kusafirishia kuku, ambalo chini lina mianya. Au kizimba chenye sakafu ya waya. Liinue, litundike au lisimamishe juu ya matofali, upepo upite chini. Ndani hakuna nyasi, hakuna boksi, hakuna gunia. Maji na chakula awe navyo muda wote, tunampoza tu, hatumwadhibu. Weka kivulini mahali anapowaona wenzake. Siku tatu, akiwa mbishi nne au tano, na usiku alale humo humo, maana watu wengi wanamhurumia usiku wanamrudisha bandani na kazi inaanza upya. Ukimtoa, mwangalie nusu saa. Akienda kuchakura na wenzake, tayari. Akinyoosha njia kuelekea kiotani, mrudishe tengani. Kutaga atarudi kati ya wiki moja na tatu. Ungemuwahi siku ya pili ingekuwa upesi zaidi.

Fundi Bomba
Sawa mkuu. Tenga lipo. Naanza usiku huu.

Fundi Bomba (mrejesho, siku ya nne)
Wakuu, imeshindikana. Tenga nilitundika kwenye mwembe, mita moja kutoka chini, nikampa maji na pumba. Siku ya tatu asubuhi namtoa. Hakuangalia kulia wala kushoto. Mbio mpaka kiotani, kamsukuma chotara aliyekuwa anataga, kakaa.

Nikalishusha tenga nilioshe. Chini nakuta kipande cha boksi, juu yake fulana kuukuu ya shule iliyokunjwa vizuri, na juu ya fulana limao.

Binti yangu wa darasa la pili. Nilipomuuliza akasema, "Baba, Sista alikuwa hana pa kulala, na hana mtoto."

Bi Mkubwa wa Pongwe
Limao! 😂 Mpe huyo mtoto soda, mimi nitalipa.

Mjomba Pilau
Mimi nafuta ushauri wangu wa pilau. Kuku anayelalia limao kwa moyo wote huo haliwi.

Mpemba wa Wete
Assalaam aleikum wote. Samahani naingilia uzi wa mtu. Miye ninae kuku kaatamia, mayai ya kuku sina ila ya bata yapo tele. Yanakwenda?

Afisa Ugani Mstaafu
Yanakwenda. Bata mweupe wa mdomo wa njano ni siku 28, yule mwenye nyama nyekundu usoni ni 35. Kuku mbishi anafika, asiyekuwa mbishi anachoka siku ya 25 anaondoka. Yai la bata ni kubwa, weka sita au saba, na ukiona hana nguvu ya kuyageuza msaidie asubuhi na jioni.

Bi Mkubwa wa Pongwe
Niliwahi kufanya hayo. Walitoka watano. Siku ya nne mvua ikanyesha, dimbwi likajaa uani, wale watoto wakaliona. Wakaingia mmoja mmoja kama waliopigiwa kengele. Mama yao alizunguka lile dimbwi analia, anavimba, anaweka mguu mmoja majini anautoa. Nilicheka, halafu nikaona si la kuchekwa, nikaenda nikalifukia lile dimbwi. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, na wa bata naye ndiyo hivyo.

Mpemba wa Wete
Ahsante bibi. Ntaweka bakuli.

Fundi Bomba
Wakuu kura imepigwa nyumbani, watatu kwa mmoja, mimi ndiye mmoja. Tunaangulisha. Leo nimekwenda mpaka Mvuti kwa bibi mmoja ana majogoo mawili, nimeyaona kwa macho kama mlivyoagiza, moja la mbegu ya kuchi, shingo ndefu, lilitaka kunipiga. Nimenunua mayai kumi na moja, ya siku nne. Nimerudi nayo kwenye bodaboda ndani ya ndoo ya pumba za mchele nimeikumbatia kama mgonjwa. Dereva kila tuta ananiuliza, "Fundi, yapo?"

Afisa Ugani Mstaafu
Vizuri. Yaache yatulie usiku mzima na mchana wa kesho, ncha kali ikiwa chini, kesho usiku ndiyo umwekee. Yai lililotikiswa njiani likiingizwa moja kwa moja kwenye joto mara nyingi linagoma. Wakati huo mwache na limao lake asivunjike moyo.

Mhamishe kiota. Hapo alipo wenzake watamletea mayai mapya kila siku. Boksi la mbao au ndoo kubwa iliyolazwa, pembeni, giza kidogo, mahali asipoonana na wenzake. Mhamishe usiku, mchana atakataa. Chini weka udongo kidogo wenye kishimo katikati ili mayai yasitawanyike, juu nyasi kavu.

Bi Mkubwa wa Pongwe
Na chora kila yai alama ya mkaa. Siku ukikuta lisilo na alama, limeingia kwa mlango wa nyuma, toa ule.

Chini ya nyasi tia majani makavu ya tumbaku, au mwarobaini. Karibu na maji mwekee karai la majivu aoge. Utitiri, mwanangu, ndio wanaomfukuza mama kwenye mayai. Watu wanasema "kuku wangu ana roho mbaya, kasusa siku ya kumi na tano". Pitisha mkono chini ya kiota usiku, uone kama hutaurudisha umejaa chembe nyekundu zinazotembea.

Mfugaji Mchanga
Samahani wakuu, mimi nina kuku kumi na nne, wanaanza kulalia kwa kupishana, huyu leo yule wiki ijayo. Vifaranga wanakuwa wa umri tofauti, chanjo inanichanganya. Mnafanyaje?

Afisa Ugani Mstaafu
Anayetangulia mpe yai la kuchemsha au mpira wa meza, mmoja au mawili, akalie hayo akisubiri wenzake. Wakifika watatu wanne, usiku mmoja wote wape mayai halisi. Siku 21 baadaye unapata vifaranga thelathini au arobaini wa siku moja, unawakusanya kwa mama mmoja au wawili, hao wengine unawatia tengani bila mtoto, wanarudi kutaga. Chanjo siku moja, chakula cha aina moja. Anayesubiri asipitishe siku kumi, atachoka kabla ya kazi.

Fundi Bomba (mrejesho, siku ya saba ya mayai)
Usiku nimezima taa, nimeweka tochi ya simu nyuma ya yai, vidole nimeviziba pembeni mwanga usitoke. Wakuu, nimeona mishipa! Kama mizizi ya mti, katikati kitone cheusi kinachezacheza. Nikamwita Mama Watoto, akaja na mwiko mkononi, tukasimama pale tukisahau maharage.

Kumi na moja: nane yana mishipa, mawili meupe tupu, moja lina kama pete nyekundu.

Afisa Ugani Mstaafu
Meupe hayakuwa na mbegu. La pete lilianza likafa. Yatoe yote matatu. Yanayobaki angalia tena siku ya 14, kisha usiguse tena. Kuanzia siku ya 18 usifungue, usihesabu, usimwonyeshe mgeni.

Mama Watoto wa Fundi
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Maharage yaliungua. Nilitaka wakuu mjue.

Kalamu ya Mkaa
Karibu shemeji 😂

Kijana wa Makambako
Siku ya 18 hapo zingatieni sisimizi. Yai likidonolewa kitundu cha kwanza linatoa harufu, sisimizi wanaingia kwenye kile kitundu kabla kifaranga hajatoka. Mwaka jana nilipoteza watano usiku mmoja. Kama kiota kiko juu ya miguu, kila mguu uweke ndani ya kopo la maji yenye mafuta taa kidogo. Kama kiko chini, zungushia majivu upana wa kiganja.

Fundi Bomba
Makopo manne ya maziwa yamepata kazi. Asante.

Fundi Bomba (mrejesho, siku ya 20, usiku)
Wakuu, ndani ya yai kuna mtu anaongea. Nimeweka sikio, nasikia "pii, pii", na Sista anajibu kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia, kama anaongea na mtu kwenye simu usiku. Hajatoka kula tangu jana. Nimlazimishe?

Bi Mkubwa wa Pongwe
Usimguse! Na usimsaidie kifaranga kubandua ganda, hata akikaa nusu siku na kitundu. Anamalizia kunyonya damu na kiini. Ukibandua mapema unamtoa akiwa na tumbo wazi, kesho amekufa.

Fundi Bomba (mrejesho, siku ya 21 na 22)
Saba. Wa kwanza nilimwona saa kumi na moja alfajiri, kichwa kimechungulia kwenye bawa, manyoya bado mabichi. Mpaka jioni sita, leo asubuhi wa saba. La nane lilidonolewa kidogo likanyamaza. Nimelizika, binti alisisitiza.

Mmoja ana shingo kipara. Bibi wa Mvuti hakuniambia hilo.

Nawapa nini?

Afisa Ugani Mstaafu
Leo hakuna haraka. Kifaranga anatoka na kiini tumboni kinachomtosha siku mbili, tatu, ndiyo maana mama anaweza kuwasubiri wachelewaji. Weka maji kwenye kifuniko cha ndoo, utie vikokoto wasizame. Kesho chakula cha vifaranga au chenga za mahindi laini.

Chanjo ya kideri wiki ya kwanza, tone moja jichoni. Ile inayotengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, inavumilia joto kuliko za zamani, lakini kuvumilia joto siyo kuiweka dirishani. Rudia kila miezi mitatu, na Sista mwenyewe pamoja na wenzake wasiachwe.

Kijana wa Makambako
Na kunguru! Nyie wa Dar mna wale weusi wenye kola ya kijivu.

Afisa Ugani Mstaafu
Hao asili yao India, waliletwa Unguja miaka ya 1890, inasemekana wasafishe taka. Taka zipo mpaka leo, vifaranga ndio wanaisha.

Fundi Bomba (mrejesho, wiki ya pili)
Kunguru kachukua mmoja. Niliwafungulia saa tatu asubuhi nikaingia ndani kujibu simu ya mteja, bomba limepasuka sijui wapi. Nikasikia kelele za Sista. Natoka namkuta kasimama juu ya karai, mbawa zimetanda, kunguru wawili wako kwenye ukuta, mmoja anamchokoza kwa mbele na mwenzake alikuwa ameshapita nyuma. Wanashirikiana wale viumbe, wakuu.

Nimefunika uwanja wao kwa wavu wa samaki uliochakaa nilioupata Feri, soko la samaki. Sita wamebaki.

Bi Mkubwa wa Pongwe
Pole mwanangu. Wakifika wiki nne, wakiwa na manyoya mbawani, waweza kumtenga mama. Waweke peke yao pakavu, usiku wafunikie. Yeye utaona upanga wa kichwani unarudia wekundu, anaanza kumtafuta jogoo.

Mjomba Pilau
Ambaye hayupo.

Mfugaji Mchanga
Fundi, hesabu ya pesa ilikaaje? Nataka kujua kama inalipa kuliko kumkatisha.

Fundi Bomba
Mayai kumi na moja kwa 600, bibi hakushuka, ni 6,600. Bodaboda kwenda na kurudi 8,000. Chakula cha vifaranga mfuko mdogo. Mayai ambayo Sista angetaga miezi miwili hiyo sijayahesabu na sitaki kuyahesabu. Maharage Mama Watoto ameniwekea kwenye orodha. Ukitafuta faida, mkatishe siku ya pili, na tenga ulifunge kwa kufuli.

Fundi Bomba (mrejesho, wiki ya nane)
Kwa waliokuwa wanauliza inboksi: Sista alianza kutaga tena siku ya kumi na sita baada ya kutengwa na watoto. Yai la kwanza lilikuwa dogo, alilitagia kwenye ndoo yangu ya spana, juu ya koleo. Anapenda vitu vigumu yule.

Sita wote wazima. Afisa, nahitaji jicho lako, nimetuma picha. Watatu upanga kichwani umeanza kuwa mkubwa na mwekundu, na yule wa shingo kipara jana alipanda juu ya matofali akanyoosha shingo akatoa sauti kama mlango unaohitaji grisi. Jirani alikuwa amelala, sidhani kama alisikia.

Afisa Ugani Mstaafu
Picha nimeiona. Siyo watatu, Fundi. Ni wanne.